Nakuru ikielekea miaka 125, ni enzi ipi ya kale itakayoadhimishwa?

MWAKA 2029 Nakuru itatimiza miaka 125 tangu ilipotangazwa rasmi kuwa mji mnamo 1904. Maadhimisho ya aina hii kwetu hayakosi gwaride na hotuba ndefu. Ng'ambo, hata hivyo, ipo miji ambayo hufunga barabara kwa siku kadhaa, wakazi wakavaa mavazi ya mababu zao, wakaandaa masoko ya kale na kuigiza vita vilivyopiganwa karne nyingi zilizopita.

Mfano mashuhuri ni Visby, mji ulio katika kisiwa cha Gotland nchini Uswidi. Tangu 1984, kila Agosti mji huo huandaa tamasha la Zama za Kati, yaani kipindi cha baina ya karne ya tano na ya 15 huko Ulaya. Kiini chake ni Julai 1361, wakati Mfalme Valdemar wa Denmark alipokivamia kisiwa hicho. Linaloshangaza ni kwamba wenyeji wanakumbuka kushindwa kwao. Wakulima wa mashambani walichinjwa nje ya ukuta, ilhali watu wa mjini walikuwa wamejifungia ndani. Kisha mji ukasalimu amri.

Je, Nakuru ikitaka kuiga mfano huo, itaanzia wapi?

Mkazi wa Kiamunyi huenda akaelekeza kidole Ngata, liliko jumba la Lord Egerton. Kwa macho, jumba hilo ni kasri la Zama za Kati hasa: kuta za mawe, minara, na vyumba visivyohesabika kwa haraka. Maharusi hufurika huko kupigwa picha. Lakini macho hudanganya. Maurice Egerton alianza kulijenga 1938 na likakamilika 1954, miaka minne tu kabla ya kifo chake. Wapo wazee wa Njoro walioizidi umri ngome hiyo. Urithi wake mzito zaidi ni shule ya kilimo aliyoianzisha 1939, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton.

Zama za Kati halisi za Nakuru zipo upande wa pili wa jiji, kando ya barabara ya kuelekea Nairobi, katika kilima cha Hyrax Hill, ambacho kimeitwa hivyo kutokana na pimbi wa mawe waliokuwa wakiishi hapo. Mary Leakey alianza kuchimbua mabaki katika eneo hilo mwaka 1937. Miongoni mwa yaliyopatikana ni mashimo ya Wasirikwa, wafugaji waliotawanyika katika nyanda za juu za magharibi mwa Bonde la Ufa tangu takriban karne ya 12 au ya 13 hadi ya 18.

Shimo hilo lilikuwa zizi. Lilichimbwa kwenye mteremko, likazungushiwa ukuta au ua, na mlango ukaachwa upande wa chini. Usiku ng'ombe waliingizwa humo, nazo nyumba za wenyewe zilijengwa ubavuni, mlango wake ukitokea zizini. Mnyang'anyi aliyetaka kumfikia mwenye mali alilazimika kwanza kupita katikati ya mifugo. Samadi na matope vilizolewa na kutupwa nje, navyo vikawa vichuguu ambavyo bado huonekana karibu na mashimo. Kwa jicho la mgeni, hayo ni mabonde madogo yaliyoota nyasi, na pengine ndiyo sababu wengi huyapita bila kuyatazama mara mbili.

Simulizi za Wakalenjin zinawataja Wasirikwa kuwa watu waliowatangulia, ambao baadaye walitawanywa na Wamaasai au kumezwa na jamii nyingine. Wamaasai nao yakawafika.

Hapo ndipo mwaka 1904 unapokuwa mgumu kuusherehekea. Reli ilikuwa imefika Nakuru 1900, na walowezi waliitamani ardhi iliyopakana nayo. Mwaka ule ule Nakuru ilipopewa hadhi ya mji, Kamishna Donald Stewart alitiliana saini na Lenana na viongozi wenzake mkataba uliowaondoa Wamaasai katika eneo hili la bonde, baadhi yao wakapelekwa Laikipia. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 walitakiwa kuhama tena, safari hii kutoka Laikipia.

Visby imeweza kuwapa wakulima wake waliouawa nafasi katika tamasha lenye ngoma na vinywaji. Nakuru, iliyopandishwa hadhi na kuwa jiji Desemba 2021, haikosi uwezo wa kufanya hivyo. Ratiba ya 2029 ingeweza kuanzia Hyrax Hill alfajiri, ng'ombe wakitolewa zizini jinsi Wasirikwa walivyofanya, kisha wazee wa Kimaasai wakasimulia habari za 1904 kwa vinywa vyao wenyewe, kabla ya mgeni rasmi kushika kipaza sauti. Jumba la Ngata lingengoja zamu yake jioni, pamoja na maharusi.