Ombi la Monika kule Ostia

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za mama mmoja Mwafrika aliyefia ugenini. Aliitwa Monika. Kwao kulikuwa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mwaka 387 alikuwa Ostia, bandari ya Roma, pamoja na wanawe Augustino na Navigius na mjukuu wake Adeodatus. Walikuwa wakingoja meli ya kuwarudisha nyumbani. Kwa miaka mingi Monika alikuwa amemlilia Mungu kwa ajili ya Augustino, kijana mwenye akili nyingi lakini asiyetulia katika imani. Pasaka ya mwaka huohuo Augustino akabatizwa mjini Milano na Askofu Ambrosi, na mama akaona haja ya moyo wake imetimia.

Siku moja kule Ostia Monika na Augustino walisimama dirishani, wakitazama bustani ya nyumba waliyofikia, wakaulizana uzima wa milele utakuwaje. Hazikupita siku nyingi, Monika akashikwa na homa.

Kufia mbali na kwenu kuliwatia watu uchungu zamani zile kama kunavyotutia sisi, tunaochangishana fedha ili maiti isafirishwe ikazikwe kwao. Monika mwenyewe alikuwa amekwisha kujiandalia kaburi kando ya mumewe, Patricius. Ndiyo maana Navigius, alipoona mama amezidiwa, alisema afadhali angefia nyumbani. Mgonjwa akamtazama kwa macho ya kumkemea. Akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasijisumbue kwa hilo. Aliomba jambo moja tu: kokote watakakokuwa, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Siku ya tisa ya ugonjwa wake akafariki, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake.

Adeodatus akaangua kilio, wakubwa wakamnyamazisha. Augustino naye akajikaza mazishi yote, mpaka alipolala akaamka, akajikuta peke yake, na machozi yakamshinda. Mimi naona yule mtoto ndiye aliyewatangulia wote kufanya lililo sawa. Yesu alimlilia rafiki yake Lazaro aliyekufa, naye alijua kabisa kwamba atamfufua. Mtu asiwaambie kwamba mwenye imani halii.

Lakini kwa nini mama huyu hakujali kaburi, akajali altare?

Wakatoliki wanaamini kwamba kifo hutenga roho na mwili, ila roho yenyewe haifi. Papo hapo inasimama mbele ya Kristo, na maisha ya mtu yanaonekana jinsi yalivyokuwa, bila kificho. Aliyekufa katika urafiki na Mungu, akiwa ametakata kabisa, anaingia mbinguni na kumwona Mungu uso kwa uso. Aliyemkataa Mungu kwa kujua na kwa kutaka, akashikilia hivyo mpaka pumzi ya mwisho, anatengana naye milele, na huko ndiko jehanamu. Kanisa limewatangaza watu wengi sana kuwa watakatifu walioko mbinguni. Halijamtangaza hata mmoja, kwa jina lake, kuwa yuko motoni.

Je, yule aliyempenda Mungu kweli, lakini akafa bado na mabaki ya choyo, kinyongo na maovu ambayo hakuyamaliza kuyatengeneza? Mfikirieni msafiri aliyefika kwa mwenyeji anayempenda, miguu imejaa vumbi. Mlango uko wazi na chakula kiko mezani, ila mwenyewe anaomba maji anawe kwanza. Toharani ndiko kunawa huko. Kunauma, kwa sababu kuachana na ubaya tuliouzoea kunauma, lakini kila aliyeko huko ana hakika ya kuingia. Na hapa ndipo ombi la Monika linapoeleweka. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ulifundisha kwamba roho za toharani zinasaidiwa na sala za waamini, na hasa sadaka ya Misa. Monika aliliamini hilo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Mtaguso huo. Na kabla ya Monika, jemadari Myahudi Yuda Makabayo alikuwa amekusanya fedha akazipeleka Yerusalemu, ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliouawa vitani.

Mtaniuliza habari za mtoto mchanga aliyekufa kabla ya kubatizwa, maana huulizwa na kila aliyewahi kumzika mdogo wake. Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na lina matumaini.

Mwili nao haudharauliwi. Kwenye mazishi unanyunyiziwa maji ya baraka na kufukiziwa ubani, kwa kuwa siku ya mwisho utafufuliwa. Hata mwili wa Monika haukusahauliwa: mwaka 1430 mabaki yake yalihamishiwa Roma, na leo yamo katika kanisa la Mtakatifu Augustino. Mwaka 1945, vijana wawili wa Ostia waliokuwa wakichimba shimo la kusimika nguzo ya uwanja wa kuchezea waligonga jiwe la marumaru. Kilikuwa kipande cha maandishi ya kaburi lake.

Karibu miaka elfu moja iliyopita Odilo, abate wa Cluny huko Ufaransa, aliagiza monasteri zake ziwaombee marehemu wote kila tarehe 2 Novemba. Desturi hiyo ikaenea mpaka vigangoni kwetu. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 ya mwezi huo, anayezuru makaburi na kuwaombea wafu anaweza kuwapatia rehema kamili, yaani msamaha wa adhabu zote zilizobaki za dhambi, akiungama, akipokea Komunyo na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Wala si lazima kungoja Novemba. Katika kila Misa, hata ya asubuhi yenye watu watatu tu, Sala ya Ekaristi ina mahali pa kuwaombea marehemu, pamoja na wale ambao hakuna mtu duniani anayekumbuka majina yao. Padre akifika hapo, mtajeni wenu kimoyomoyo.