SVCHOST: NI MUTUMISHI AO NI MWIZI?

Juma lililopita tulifanya kosa katika chumba cha ordinateri. Tunawaeleza habari yake kusudi nanyi musilifanye.

Ordinateri moja ilikuwa inakwenda polepole sana. Tukafinya pamoja Ctrl, Maj na Échap, na Gestionnaire des tâches ikafunguka. Ni dirisha linaloonyesha programu zote zinazofanya kazi ndani ya mashini, hata zile zisizoonekana kwenye skrini. Humo tukaona jina svchost.exe, si mara moja wala mara mbili, lakini zaidi ya mara makumi tano! Tukapiga kelele: «Ni virusi! Tena imezaa!» Na kwa sababu mwenzetu mumoja wa kalasi ya tatu alikuwa ameingiza kle yake ya USB asubuhi ile, wote tukamugeukia yeye. Mwingine akachagua svchost moja, akafinya Fin de tâche. Mashini ikauliza kama tunataka kweli. Akakubali bila kusoma. Mara skrini ikazima, mashini ikaanza upya, na kurasa tatu za gazeti hili, ambazo hatukuwa tumezihifadhi, zikapotea.

Kumbe ile haikuwa virusi. Basi svchost ni kitu gani?

Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, maana yake ni «mwenye kupokea huduma». Windows iko na kazi nyingi za nyuma: kutunza saa, kutafuta rezo, kuleta matengenezo mapya. Nyingi katika kazi hizo haziwezi kutembea peke yake. Zinakaa ndani ya svchost kama vile wageni ndani ya nyumba. Zamani wageni wengi walikaa pamoja. Lakini tangu mwaka 2017, katika Windows 10, mashini yenye kumbukumbu ya zaidi ya giga 3,5 inampa karibu kila mugeni nyumba yake, kusudi mumoja akianguka asiwaangushe wengine. Ndiyo maana hesabu yake ni kubwa. Wingi wake si ushuhuda wa ubaya.

Kama munaona programu musiyoijua, muulize maswali haya ine:

1. Jina lake linaandikwa namna gani? Musome herufi moja moja. Watu wabaya wametumia majina kama scvhost.exe, ambamo herufi mbili zimebadilishana nafasi, ao svch0st.exe, yenye zero pahali pa «o». Jicho lenye haraka haliwezi kuona.

2. Inakaa wapi? Finya jina lake kwa upande wa kuume wa suri, kisha chagua mustari wa kufungua pahali faili iko. Svchost ya kweli inakaa katika C:\Windows\System32, na ndugu yake mumoja katika SysWOW64. Ile inayotembea toka Téléchargements, toka Temp ao toka kle ya USB, hiyo ni ya kushuku sana.

3. Nani aliitia sahihi? Fungua Propriétés, angalia ukurasa wa Signatures numériques. Sahihi nzuri inaonyesha faili limetoka kwa nani, na kwamba halikubadilishwa nyuma yake. Lakini ukurasa huo ukikosekana, musihukumu mbio: kwa mafaili yake mengine Windows inatunza sahihi pembeni, katika katalogi.

4. Wengine wanasema nini juu yake? Kila faili iko na alama yake, sawa vile mutu iko na alama ya kidole. Amri certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, inatoa alama hiyo ya herufi na tarakimu 64. Kama kuna intaneti, muitafute kwa VirusTotal, kazi iliyoanza Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Inaonyesha mawazo ya antivirusi makumi mengi kwa mara moja. Ikiwa moja tu inalalamika, inaweza kuwa inakosea; zikilalamika nyingi, muziamini. Mutume alama tu. Musitume faili lenye pointi ao barua za watu, kwa maana wengine wanaweza kulisoma.

Lakini tuseme ukweli: hata majibu mazuri hayatoshi kila mara. Mwezi wa 11 mwaka 2008 virusi inayoitwa Conficker ilitokea, na namna yake ya pili ilipitia hata kwa kle za USB. Yenyewe iliingia kama mugeni ndani ya svchost ya kweli. Jina lilikuwa la kweli, nyumba ya kweli, lakini mugeni alikuwa mwizi. Tena ilifunga njia za kwenda kwa wenye antivirusi. Kwa hiyo muangalie matendo pia: antivirusi imezimika yenyewe? Intaneti yote inafunguka isipokuwa kurasa za antivirusi? Hizo ni dalili.

Mukiwa na mashaka, musifinye Fin de tâche, wala musifute kitu ndani ya System32. Muhifadhi kazi, mutoe mashini kwenye rezo, musipeleke kle kwa ordinateri ingine, kisha muite mwalimu. Defender ya Windows iko na uchunguzi unaofanyika mbele Windows haijaanza, wakati mwizi angali amelala.

Mwalimu alifanya hivyo. Svchost zote zilikuwa katika System32. Ile iliyochosha mashini ilikuwa inashusha matengenezo ya Windows. Akachunguza na kle ya mwenzetu: hakukuta kitu. Tulikuwa tumeshamuita muleta-virusi mbele ya kalasi nzima, kwa hiyo tukamuomba musamaha mbele ya kalasi ile ile. Kurasa tatu tumeziandika upya, na yeye ndiye aliyetusomea mistari aliyokumbuka.