Mamluki wa Shuleni Ndiye Aibu ya Taifa Kesho

Tukitaka kujua haki katika mashindano ya kimataifa inasimama juu ya nini, tuanze na michezo ya wasioona. Katika mpira wa kengele, ambao ni mchezo wa Paralimpiki, kila mchezaji huzibwa macho, hata yule asiyeona kabisa, ili mwenye uoni kidogo asimzidi mwenzake. Mpira una kengele ndani, na wachezaji huufuata kwa masikio, hivyo watazamaji hukaa kimya mpaka bao lifungwe. Vizibo vya macho mwamuzi anaweza kuvikagua kimoja kimoja. Ukimya wa ukumbi mzima hupatikana tu kwa watu waliolelewa kumheshimu mchezaji, akiwemo wa upande wa pili. Kanuni hulinda nusu ya haki. Nusu nyingine hulindwa na malezi.

Malezi yakikosekana, kanuni hupindwa mchana kweupe. Katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, Hispania ilitwaa dhahabu ya mpira wa kikapu wa wenye ulemavu wa akili, kumbe wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu huo. Ukaguzi haukuwanasa, aliyefichua ni mmoja wao, mwandishi wa habari Carlos Ribagorda. Medali zilirudishwa, lakini wanamichezo wenye ulemavu wa akili dunia nzima wakakosa kushindania medali za Paralimpiki hadi London 2012. Sydney hiyohiyo, Mkenya Henry Wanyoike, asiyeona, alishinda mita 5,000 huku akimhimiza mwongozaji wake aliyeishiwa nguvu wafike pamoja. Kanuni zilikuwa zilezile za michezo ileile. Kilichotofautiana ni watu.

Nasi tuna letu. Serengeti Boys, timu ya vijana ya Tanzania, walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005, wakaenguliwa kwa kumchezesha aliyezidi umri. Mwaka 2017 kibao kiligeuka: Kongo Brazzaville ikaenguliwa kwa suala hilohilo la umri, nasi tukaenda kwenye fainali za Gabon. Tabia hii haizaliwi kwenye timu ya taifa. Chimbuko lake ni mashindano ya shule, pale mamluki anapopewa jina la mwanafunzi ili kombe lije kwetu, na watoto wanamwona mwalimu wao akisaini fomu ya uongo.

Wapo watakaosema kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kimemaliza tatizo. Kipimo hicho kinasaidia, ila hutumika ngazi za juu, wakati kijana ameshazoea udanganyifu kwa miaka. Hakuna anayekipeleka kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ngazi ya wilaya. Wengine watasema, na hoja yao ni nzito, kwamba vijijini watoto wengi hawana vyeti vya kuzaliwa, hivyo kukosea umri si dhambi. Ni kweli, lakini asiyejua umri wa mtoto huuliza wazazi na kliniki, wakati mdanganyifu huujua vizuri na kuandika mwingine. Wa tatu watasema wenzetu wanadanganya, mwaminifu atabaki mkia. Mwaka 2005 unawajibu: kikosi kizima kilikosa fainali kilizozitolea jasho, na walioumia zaidi ni vijana waliokuwa na umri halali.

Kwa hiyo kazi ianze chini. Afisa elimu asipokee orodha ya timu bila kuilinganisha na rejesta ya shule, na mwalimu atakayebainika kuingiza mamluki aondolewe kwenye michezo, hata kama kaleta kombe. Shule inayokubali kufungwa kwa haki inalitumikia taifa kuliko ile inayoshinda kwa jina la kuazima.