Mkesha wa Watakatifu Wote Ugenini: Halloween katika Jamii ya Korea

Utangulizi

Mkristo wa Afrika Mashariki aendaye Korea ya Kusini kwa masomo aweza kualikwa na rafiki zake, ifikapo mwisho wa Oktoba, kwenye karamu ya Halloween. Je, aende? Wengine watamjibu upesi kwamba hiyo ni sikukuu ya mashetani. Wengine watasema ni mchezo tu. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba majibu yote mawili hayatoshi. Tutaangalia asili ya siku hiyo, namna ilivyoingia Korea, msiba wa mwaka 2022, na mwisho wajibu wa mchungaji.

1. Asili ya siku hiyo

Jina Halloween latokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Katika karne ya 8 Papa Gregori wa Tatu aliweka wakfu kikanisa ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro kwa heshima ya watakatifu wote, na mwaka 835 sikukuu ya tarehe 1 Novemba ilienezwa katika milki ya Wafranki. Huko Ireland majira hayo yaliangukiana na Samhain, sikukuu ya kale ya kuingia kwa baridi, na desturi za pande mbili zikachanganyika. Katika karne ya 19 wahamiaji wa Ireland walizipeleka Marekani, na huko boga lililochongwa sura ya mtu likawa alama yake.

Kwetu sisi Walutheri mkesha huo una historia nyingine. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther alimpelekea Askofu Mkuu Albrecht hoja zake 95. Kesho yake, kama ilivyokuwa kila mwaka, watu wangekuja katika Kanisa la Ngome huko Wittenberg kutazama masalia ya watakatifu, wakitumaini kupunguziwa adhabu za toharani. Basi hata Matengenezo ya Kanisa yalianza na swali linalowahusu wafu: je, walio hai waweza kuwanunulia wafu wao raha?

2. Namna ilivyoingia Korea

Nchini Korea Halloween ni desturi ngeni. Ilianza kuonekana hasa katika mtaa wa Itaewon mjini Seoul, karibu na iliyokuwa kambi kubwa ya jeshi la Marekani ya Yongsan. Baadaye shule za chekechea zinazofundisha Kiingereza, pamoja na bustani za burudani, ziliieneza. Kwa vijana wengi ni usiku wa mavazi ya kuchekesha, peremende na urafiki. Hawaabudu kitu wala hawatambiki.

Wafu wa Korea wana siku zao. Katika Chuseok, siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda ya mwezi, jamaa hukusanyika, huzuru makaburi, na wengi huandaa meza ya vyakula mbele ya mababu katika ibada iitwayo jesa. Mwaka 1791 Mkatoliki Paul Yun Ji-chung aliuawa kwa kukataa ibada hiyo na kuchoma vibao vya mababu zake. Waprotestanti nao waliikataa, lakini hawakuacha pengo: waliweka mahali pake ibada ya ukumbusho, ambamo jamaa husali, huimba na kusoma Neno bila kuwasujudia wafu. Hilo ni fundisho kubwa. Aondoaye desturi bila kuweka kitu mahali pake huwaacha watu na huzuni yao.

3. Msiba wa Itaewon

Usiku wa Jumamosi, tarehe 29 Oktoba 2022, umati mkubwa ulijaa Itaewon. Ilikuwa Halloween ya kwanza bila masharti makali ya ugonjwa wa korona. Katika kichochoro chenye mteremko, upana wake kama mita 3 penye wembamba zaidi, watu walibanana hata wakakosa pumzi. Waliokufa walihesabiwa kuwa 159, wengi wao vijana, na 26 kati yao walikuwa wageni. Simu ya kwanza ya kuomba msaada iliwafikia polisi saa 12:34 jioni, zaidi ya saa tatu kabla ya maafa. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2023 ulionyesha kwamba wenye mamlaka hawakujiandaa ipasavyo.

Hata hivyo palikuwa na sauti zilizowalaumu waliokufa: kwa nini walikwenda kwenye sikukuu ya kigeni? Hapa mhubiri hana budi kujihadhari. Bwana Yesu aliulizwa habari ya waliouawa na Pilato, naye akaongeza habari ya wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Lk 13:1-5). Alikataa kusema kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine, akawageuzia waulizaji wito wa toba. Anayesimama penye jeneza la kijana na kuhubiri kwamba mavazi yake ndiyo yaliyomwua amelikana Neno hilo.

4. Wajibu wa mchungaji

Mtume Paulo atoa kanuni: ukialikwa na asiyeamini, waweza kwenda na kula, lakini dhamiri ya ndugu ikijeruhiwa, jizuie kwa ajili yake (1 Kor 10:27-29). Kwa hiyo mwanafunzi aliye ugenini aangalie mambo matatu: kinachofanyika pale, dhamiri ya wenzake, na usalama wa mahali penyewe. Penye ramli au kuita mizimu asiketi. Penye chakula na kicheko cha marafiki, ana uhuru katika Kristo.

Lakini wajibu wa Kanisa ni mpana zaidi. Ungamo la Augsburg, kifungu cha 21, lafundisha kwamba watakatifu wakumbukwe ili imani yetu iimarishwe, wala wasiombwe. Meza za maombolezo zilizowekwa na serikali baada ya msiba wa Itaewon hazikuwa na picha wala majina ya marehemu, na jambo hilo liliwaumiza wengi wa wafiwa. Kanisa linayo Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo sharika nyingi za Kilutheri duniani husoma majina ya waliolala, moja baada ya jingine, mbele za Mungu.

Hitimisho

Kijana aendaye kwenye karamu ya mkesha anatafuta wenzake. Afiwaye anatafuta jina la mpendwa wake lisisahauliwe. Ushirika wa watakatifu tunaoukiri katika Imani huwajibu wote wawili. Basi kabla ya kuwakataza vijana kwenda kwingine, na tujiulize kama mkesha huo milango ya kanisa letu imefunguliwa.