Amplifaya ya Msikiti: Tuichunguze Kabla ya Kuitupa

Katika misikiti yetu mingi, akina mama huswali nyuma ya pazia au ghorofani, mahali wasipomwona imamu. Kinachowaunganisha naye ni sauti. Amplifaya ikinyamaza katikati ya swala, wao ndio wa kwanza kukosa kujua kama imamu amerukuu au amesujudu. Ndiyo maana tumeona yafaa jambo hili lijulikane na sote, lisiachiwe fundi peke yake.

Kwanza, tusiharakishe kukihukumu chombo. Mara nyingi amplifaya ni nzima, na hitilafu iko kwenye waya, plagi au maikrofoni. Njia ya kuupata ukweli ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: maikrofoni, kisha waya wake, kisha spika, nayo iwe ya aina ile ile, na ifungwe chombo kikiwa kimezimwa. Sauti ikirejea, mkosa ameshajulikana.

Dalili nazo husema. Sauti ikikwaruza kitufe chake kinapozungushwa, aghalabu ni vumbi na kutu ya hewa yetu ya chumvi. Dawa ya kusafishia vifaa vya umeme huweza kutosha. Mvumo mzito ukikoma maikrofoni ichomolewapo, tuutazame waya wake. Ukiendelea hata maikrofoni zote zikichomolewa, huenda kapasita za kutuliza umeme zimekauka kwa uzee na joto. Baadhi yake huonekana zimefura kichwani.

Fyuzi ikikatika, ibadilishwe mara moja tu, kwa nyingine ya kipimo kile kile. Ikikatika tena, ndani mna hitilafu. Pengine transista za kusukuma spika zimeungua. Kuziba pengo la fyuzi kwa waya au karatasi ya fedha ni kuualika moto msikitini.

Kufungua kifuniko ni kazi ya fundi, kwani kapasita huweza kuhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya plagi kuchomolewa. Naye tumuulize: transista ziliungua kwa nini? Kama nyaya zimegusana mnarani, au spika zimezidi uwezo wa chombo, transista mpya nazo zitaungua. Fundi mwangalifu huiwasha kwanza kupitia balbu ya uzi. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikibaki kung'aa, mna nyaya au vipuri vilivyoshikana.

Nasi tusiifunike kwa kitambaa cha nakshi, kwani joto likikosa pa kutokea huidhuru. Na kabla ya khutba ya Ijumaa, mama mmoja akabidhiwe kazi ya kusikiliza upande wao, ampelekee habari mwadhini mapema.

Chombo hiki kimenunuliwa kwa sadaka za waumini, zikiwemo za akina mama wasiokiona. Ni amana, kukitupa kwa sababu ya waya uliokatika ni israfu.

Wabillahi tawfiq.