Je, Wajua? Afya ya mama, kutoka kijijini Rusizi hadi wizarani

Je, wajua kwamba mjamzito wa wilaya ya Rusizi huanza kuhudumiwa na jirani yake? Nchini Rwanda, wanakijiji wenyewe huwachagua wahudumu wa afya ya jamii, abajyanama b'ubuzima, wanaowafuatilia wajawazito na watoto wachanga nyumba kwa nyumba.

Je, wajua kwamba ujumbe mfupi wa simu unaweza kuokoa maisha na pia kuongoza sera? Mwaka 2009 mfumo wa RapidSMS ulianza kujaribiwa Musanze, kisha ukaenea nchi nzima. Mhudumu akituma dalili ya hatari, kituo cha afya huarifiwa mara moja. Taarifa hizohizo huisaidia Wizara ya Afya kuona wapi akina mama wanakwama.

Je, wajua kwamba kifo cha mzazi hujadiliwa ili kisijirudie? Watafiti walipitia vifo 987 vilivyojadiliwa hivyo Rwanda kati ya 2009 na 2013. Kilichoua wengi zaidi ni kutokwa na damu baada ya kujifungua. Jibu hilo linamwambia mkunga ajiandae kwa lipi, na linamwambia mpanga bajeti kwamba damu salama haiwezi kusubiri.

Je, wajua kwamba mabinti wa Mwanza, Thika na Kisumu wamerahisisha chanjo duniani? Rwanda ilitangulia Afrika kuanza chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, nchi nzima, Aprili 2011, kwa dozi tatu. Baadaye utafiti wa Mwanza, Tanzania, wenye wasichana 930, na wa Kenya wenye washiriki 2,275, ulionyesha nguvu ya dozi moja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi hiyo moja.

Je, wajua kwamba ukivuka mto Rusizi tu, uko Bukavu, mji wa Kongo wenye Hospitali ya Panzi? Dkt. Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999. Aliyoyaona akiwatibu wanawake waliobakwa vitani aliyapeleka hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2018 alitunukiwa Nobeli ya Amani pamoja na mwanaharakati Nadia Murad wa Iraq.

Je, wajua matunda ya juhudi hizi nchini Rwanda? Mwaka 2000, Rwanda ilipoteza wazazi 1,071 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2019–20 ulikuta 203. Hata kiwango hicho ni kikubwa mno, na kila kifo kinastahili kuchunguzwa, kutibiwa chanzo chake na kutungiwa sera.