Sarajevo: Mji wa Ulaya Ambao Saa Yake Huanza Magharibi

Jamaa wengi wa pwani yetu wanapopanga safari ya Ulaya huzungumza mambo matatu hata kabla ya nauli: chakula, sala na usiku. Chakula na sala vina njia, kwani mwenye kuulizia hupata. Usiku ndio unaowatia wazazi shaka. Katika miji mingi ya huko, jua likichwa starehe huhamia kwenye vilabu vya pombe, na aila yenye watoto na wazee hujikuta imejifungia chumbani hadi asubuhi. Wiki hii twapenda kuwaelezea wasomaji wetu mji ambao usiku wake una nafasi ya mama, mtoto na bibi. Mji huo ni Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, nchi ya kusini-mashariki mwa Ulaya ambayo Uislamu umekuwamo kwa zaidi ya miaka 500.

Saa inayohesabiwa kama yetu

Kando ya Msikiti wa Gazi Husrev-beg pana mnara wa saa uliojengwa kwa mawe. Mgeni wa kutoka Paris au London huutazama akadhani saa imeharibika, kwa maana mishale yake haiafikiani na saa ya mkononi mwake. Mswahili hatahitaji maelezo mengi. Saa ile huhesabiwa kwa kuchwa jua: Magharibi inapoingia mishale hukutana kwenye kumi na mbili, na siku mpya huwa imeanza.

Ipo tofauti moja. Kwetu, karibu na Ikweta, jua huchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima. Sarajevo, kwa hesabu ya saa zetu, mwezi wa Disemba jua huchwa mnamo saa kumi na dakika kumi alasiri, na mwezi wa Juni huchwa karibu saa mbili unusu usiku. Kwa sababu hiyo yuko mtu maalumu, aitwaye muvekkit, yaani mtunza nyakati, ambaye hupanda mnarani kuirekebisha saa. Na msafiri naye arekebishe ratiba yake. Mwenye kwenda Juni ajue kuwa Ishaa huingia baada ya saa nne usiku na Alfajiri huja upesi, basi watoto walazwe mchana. Mwenye kwenda Disemba atakuta sala za mchana zinafuatana kwa karibu, na baridi yenye theluji, lakini jioni yake itakuwa ndefu.

Mji uliojengwa kwa wakfu

Gazi Husrev-beg, ambaye mama yake alikuwa binti wa Sultan Bayezid wa Pili, alikuwa gavana wa Bosnia katika karne ya 16. Alijenga msikiti huo, madrasa mwaka 1537, maktaba, jiko la kuwalisha maskini na wasafiri, na soko lenye paa liitwalo bezistan, ambalo kodi ya maduka yake ilisaidia kugharimia hayo mengine. Yote aliyafanya wakfu. Wao husema vakuf. Sisi tunaojua wakfu wa visima, misikiti na mashamba, na tunaojua pia jinsi wakfu unavyoweza kumong'onyoka mikononi mwa watu, tuna la kulitafakari pale: baada ya karne karibu tano, bezistan lingali soko na madrasa ingali inasomesha.

Kina mama wasiache kuitembelea Svrzina kuća, nyumba ya karne ya 18 iliyogeuzwa makumbusho. Ina upande wa wageni wanaume na upande wa ndani wa aila, kila upande na ua wake. Aliyekulia katika nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa au za Lamu ataifahamu mara moja hikima ya daka na ndani.

Jioni baada ya Alasiri

Jioni njema ya Sarajevo huanza juu. Pandeni polepole hadi ngome ya Žuta tabija, ambapo wenyeji hukaa na watoto wao kulitazama jua likichwa. Katika mwezi wa Ramadhani hapo ndipo mzinga hupigwa kutangaza futari. Adhana zikianza kujibizana mabondeni, shukeni mtaa wa kale wa Baščaršija mkasali.

Baada ya sala mtaa haulali. Pana Sebilj, sabili ya maji iliyo alama ya mji, na pana kichochoro cha mafundi wa shaba, Kazandžiluk, penye mabuli na sinia zilizonakshiwa kwa mkono. Pana Morića han, nyumba ya zamani ya misafara, ambayo uani mwake leo watu hunywa kahawa. Kahawa ya Kibosnia huletwa ndani ya chombo cha shaba chenye mkono mrefu, pamoja na kikombe kidogo kisicho na mkono na kipande cha halua laini waiitayo rahat lokum. Haiharakishwi. Mtu hukaa nayo saa nzima akizungumza, kama wazee wetu wakaavyo barazani na kahawa tungu. Kisha aila hutembea barabara ya Ferhadija, isiyopitiwa na magari, watoto na aiskrimu mkononi. Hatusemi kuwa mji hauna pombe. Vilabu vipo katika mitaa mingine. Tunasema kwamba asiyevitaka hakosi pa kwenda.

Chakula na malazi

Chakula cha mji ni ćevapi, vipande vya nyama iliyosagwa na kuchomwa juu ya makaa, huliwa ndani ya mkate wa somun pamoja na vitunguu. Pia pana burek, andazi la nyama lenye tabaka nyembamba. La jibini huitwa sirnica na la mchicha zeljanica. Maduka mengi ya vyakula Baščaršija hayauzi pombe. Hata hivyo Bosnia ni nchi ya dini kadhaa, na nje ya mtaa huo nyama ya nguruwe huuzwa. Jifunzeni neno moja, svinjetina, ndilo jina lake, na ulizeni bila haya.

Kwa malazi, twawashauri wenye watoto watafute nyumba ndogo za wageni au vyumba vyenye jiko ndani ya Baščaršija au kando yake, ili msikiti na soko viwe karibu. Kabla ya kulipa, ulizeni mambo mawili: iwapo pombe huuzwa humo, na iwapo nyumba iko mlimani. Mitaa ya juu ina mandhari ya kupendeza lakini njia zake ni za mawe na mwinuko mkali. Mzee mwenye maumivu ya magoti atateseka.

Msipite bila kuzuru

Ingekuwa si adabu kula na kunywa katika mji huu bila kujua ulichopitia. Kuanzia Aprili 1992 hadi Februari 1996 Sarajevo ilizingirwa na kupigwa mizinga kutoka milimani, siku 1,425. Watu zaidi ya 11,000 waliuawa, wakiwamo watoto wengi. Njiani kwenda Žuta tabija mtapita makaburi ya Kovači, mawe meupe yaliyopangika. Aliyelala pale wao humwita šehid. Simameni muwaombee. Karibu na uwanja wa ndege lipo handaki lililochimbwa mwaka 1993, lenye urefu wa takriban mita 800, ambalo kwalo chakula na dawa viliingia mjini. Kipande chake kifupi kiko wazi kwa wageni.

Usiku wa Agosti 25, 1992, jengo la Vijećnica, lililokuwa Maktaba ya Taifa, lilichomwa kwa makombora, na vitabu zaidi ya milioni moja vikateketea. Lilifunguliwa tena mwaka 2014. Maktaba ya Gazi Husrev-beg ilinusurika kwa njia nyingine: wafanyakazi wake walizihamisha hati za kale mara kadhaa, ndani ya makasha ya ndizi, wakivuka barabara zilizolengwa na wadunguaji. Mmoja wao alikuwa mlinzi wa usiku, mzaliwa wa Kongo. Leo hati hizo zina jengo jipya, nalo liko hatua chache tu kutoka msikitini. Wapelekeni watoto wenu wanaolalamikia chuo. Wataona watu walihatarisha roho zao kwa ajili ya karatasi.

Kabla ya kukata tikiti

Bosnia haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika eneo la Schengen, na mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza. Ulizeni ubalozi unaohusika kwanza, ndipo mlipe nauli. Wengi hupitia Istanbul. Fedha yao ni marka ya Bosnia, na marka mbili ni karibu sawa na yuro moja.

Na la mwisho ni la tabia. Mtawakuta Waislamu wengi, wanawake kwa wanaume, ambao mavazi yao si kama yetu. Msiwapime kwa hilo. Ni watu walioshikilia jina la dini yao wakati ambapo jina tu lilitosha kumfanya mtu auawe. Watoleeni salamu nao wataitika, kisha watawaambia bujrum, yaani karibuni. Mola wetu ametuhimiza kutembea katika ardhi Yake na kuzingatia. Atakayerudi kutoka Sarajevo na picha peke yake atakuwa amelipa nauli kubwa kwa faida ndogo.

Wabillahi tawfiq.